Tundu Lifuate Rangi

Imelda mwanangu,

Nimesikia zipu ya begi lako ikifunguliwa tena. Unafunga, unafungua. Ukuta kati yetu ni wa tofali moja tu, na masikio ndiyo pekee mwilini mwangu ambayo hayajastaafu, kwa hiyo najua hata gauni unalolitoa na kulirudisha.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali, na kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako Benigna amekuwa akikueleza tangu Jumapili, na kesho atayarudia mpaka gari lipige honi. Mimi pumzi zangu ni chache, nitazitumia kwa jambo moja. Nataka kukueleza ununue bunduki gani ya kupulizia rangi, yenye tundu la ukubwa gani, na kwa nini mama yako anakufa. Kwangu hiyo ni habari moja, ndiyo maana inakaa katika barua moja.

Nitakupa mkononi asubuhi, kabla hujafunga begi. Sitaichomeka kati ya nguo zako uje uisome Lituhi, ukiwa umeshafika na kurudi ni shida. Ukienda, uende unajua. Ukibaki, ubaki unajua.

Tuanze na Jumapili. Ukoo ulipokaa sebuleni baada ya misa ulikuwa jikoni na birika, lakini sidhani kama kuna neno lililokupita. Baba yako mdogo Hyasinti alianza kwa upole, kama anavyoanza akitaka kukataa.

"Shemeji, sisi tunakuheshimu. Wewe ni mwalimu, umefundisha nusu ya wilaya hii."

"Robo," nikamwambia. "Waliobaki walitoroka."

"Sawa, robo. Lakini mtoto hawezi kuondoka mama yake akiwa kitandani. Na anakwenda kufanya nini? Kupulizia rangi. Huyo fundi Eliasi anayemwita huko Lituhi, anayeunda boti na vitanda, sisi hatumjui. Kazi tunaijua. Ndiyo iliyokumaliza wewe. Tukuzike wewe, halafu tukae tumsubiri na yeye?"

Benigna akaguna. "Na watu watasema mgonjwa kaachwa anageuzwa na majirani."

"Mimi si chapati, Benigna."

Watu walicheka, Hyasinti hakucheka. Alinitazama moja kwa moja, na kwa mila zetu shemeji hatazami hivyo. "Sema kweli, shemeji. Si rangi iliyokuharibu kifua?"

Nikasema uongo. Nilisema, "Si rangi. Ni mrututu. Ni dawa ya kahawa niliyopulizia na marehemu kaka yako tangu nilipoolewa, hiyohiyo unayoibeba mgongoni mwako kila msimu. Ukitaka kumfungia mtu ndani asife, jifungie mwenyewe."

Hyasinti naye hukohoa asubuhi, wote tunamsikia, na nilijua ninapopiga. Alishusha macho, akasema basi, mtoto aende. Nilishinda kikao nikiwa nimelala, nimeegemezwa mito.

Ni rangi, Imelda. Ni rangi na tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Hyasinti alikuwa anasema kweli na mimi nilikuwa namtisha kwa uongo ili anyamaze.

Ningeweza kuuacha uongo ule ulivyo. Ulikuwa unafanya kazi nzuri. Lakini una makosa mawili. La kwanza, tangu Jumapili Hyasinti hajagusa bomba lake la kupulizia dawa. Jana Benigna aliniambia, akidhani ananiletea umbea, kwamba mvua zinanyesha na kahawa ya Hyasinti haijapata dawa, na yeye anakaa mlangoni anaitazama. La pili ni wewe. Ukienda Lituhi ukiamini kwamba mama yako aliuawa na mrututu, utashika bunduki ya rangi kama nilivyoishika mimi. Kwa hiyo nimebaki na njia moja, nayo ni kukuambia ukweli wote halafu nitegemee kwamba utaweza kuubeba na begi.

Hyasinti alisema kweli, lakini nusu. Kazi hii haiui kila anayeifanya. Mimi niliumizwa na kosa ambalo nililifanya mara mbili, mara ya kwanza kwa ujana na ya pili kwa kiburi, na nataka ulijue lilivyo.

Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa mwalimu kijana wa kemia, nimeolewa juzijuzi, nimerudi huku kwa baba yako likizo. Kigango kilikuwa kinamsubiri askofu aje kutoa kipaimara, na wazee walikuwa wamepanga kupaka chokaa kwa mifagio kama walivyozoea. Mimi niliona haya kwa niaba yao. Nikasimama kwenye kikao cha kanisa, bi harusi mpya mbele ya wazee wa mume wangu, nikasema kazi hiyo naweza kuimaliza kwa siku moja na ukuta ukawa mweupe bila alama ya ufagio.

Katekista akaniuliza, "Kwa kutumia nini, mama?"

"Bomba la kahawa."

Kwingine wangenicheka. Huku kwetu kila nyumba ina bomba la mgongoni kama ilivyo na jembe, na kila mtu ameona linavyoufunika mkahawa mzima, juu na chini ya jani, kabla hujamaliza kusalimiana na mpita njia. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Kama linaweza jani, litashindwaje ukuta?

Nilichukua bomba la baba yako bila kumwambia, nikalisuuza mpaka maji yakatoka safi. Nikamimina rangi nyeupe ya maji, nikapampu. Hakikutoka kitu. Nozeli ya bomba lile imetobolewa kwa ajili ya dawa, na dawa ni nyepesi kama maji yenyewe. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza habari za tundu. Mimi niliongeza maji kwenye rangi. Bado. Nikaongeza tena. Hatimaye ikatoka, imekuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, nikapulizia ukuta wote wa nyuma ya altare huku wanakwaya wakipiga vigelegele.

Ikaanza kuchuruzika kabla vigelegele havijaisha. Na ilipokauka ikatokea michirizi ya rangi ya bluu inayokwenda kwenye kijani, kutoka juu hadi sakafuni. Mrututu haukuwa umetoka. Ulikuwa umekaa kwenye mpira na kwenye pembe za tangi, miaka yote ya baba yako, ukaja kutokea kanisani.

Katekista aliutazama ukuta muda mrefu, mikono nyuma. "Basi," akasema, "kanisa letu halitaugua chulebuni."

Maneno hayo yalizunguka vilabu vyote vya pombe. Chulebuni yenyewe, ule ugonjwa wa kahawa, haikwenda kanisani, ilikuja kwa baba yako. Rangi ilikuwa imeganda ndani ya bomba, mvua zikaendelea, kahawa yetu haikupata dawa kwa wakati wake, na buni zikaoza mtini zikiwa bado mbichi. Nakumbuka baba yako amekaa kwenye kizingiti, bomba mapajani, anachokoa nozeli kwa mwiba.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo alipokuwa na hasira. "Sasa na kahawa nayo tuipake rangi?"

Nikacheka, na hilo nalo ni kosa. Aliweka bomba chini, akaenda shambani kwenye ngoro zetu, yale matuta ya mashimo tunayopandia maharage, akarudi giza likiwa limeingia. Askofu alipokuja aliutazama ukuta akauliza kama huo ni mtindo wa watu wa huku. Wazee wakajibu ndiyo, baba. Mimi nilisema rangi ilikuwa mbovu, na mpaka leo kuna watu wanaolisema vibaya duka lililotuuzia rangi ile.

Unaona nilichofanya? Niliibadilisha rangi ifuate tundu. Tundu lilipaswa kuifuata rangi. Ni jambo dogo, mtoto wa darasa la kwanza angelielewa ukimpa mrija na uji. Mimi nilikuwa na cheti cha kemia ukutani na sikulielewa, kwa sababu sikutaka kusimama mbele ya watu na kusema subirini, sijui.

Lakini nisikudanganye kwamba siku ile ilinipa aibu tu. Kabla rangi haijaanza kuchuruzika palikuwa na muda mfupi sana ambapo ukuta ule ulikuwa mweupe wote, laini, bila alama ya mkono wa mtu. Nilisimama na bomba mgongoni nikautazama. Hakuna kitu nilichokuwa nimekifanya darasani kilichowahi kunipa kile. Niliondoka kanisani nimedharauliwa, na nikiwa nataka kurudia.

Ilinibidi nisubiri mpaka kustaafu. Baba yako alikuwa ameshafariki, wewe uko bweni. Wastaafu wenzangu walikaa kwenye vibaraza wakipeana habari za misiba. Mimi nilikwenda Mbinga mjini, dukani kwa Salimu, pale karibu na stendi.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo bawaba au misumari?"

"Marahaba. Nataka bunduki ya rangi."

"Ya nani, Mwalimu?"

"Yangu."

Salimu alizaliwa Mbinga, lakini babu yake alitoka Kilwa, na yeye huongea na wateja kama aliyeteremka jahazini jana. Akaweka mbili mezani. "Hii kikombe kiko chini, hii kiko juu. Hii ya juu ina nozeli tatu ndani ya boksi lake, ila sura hana, masikini. Hii ya chini ina nozeli moja, lakini itazame inavyong'aa. Mkononi mwako hii, Mwalimu, hata ndege itakuja kukuomba uipake."

"Ndege ya nani, Salimu?"

"Ya atakayekuwa nayo."

Nilicheka, nikanunua inayong'aa. Nayo ilikuwa rahisi kidogo kuliko mwenzake, kwa tofauti isiyofika bei ya kitambaa cha gauni. Tundu lake lilikuwa moja nukta tatu. Hilo ni tundu la kupulizia magari, kwa rangi nyembamba ya magari. Na mimi nilikuwa nimeshakubali kupulizia milango na makabati kwa rangi nzito ya mafuta.

Unajua nilichofanya. Niliongeza tina.

Kikombe kikawa karibu nusu tina. Bunduki bado inatema matone, kwa hiyo nikafungua upepo wa kompresa mpaka mshale wa geji ukalala upande wa pili. Hapo ikakubali, ila kilichotoka kilikuwa moshi. Sehemu ilikwenda kwenye mlango, na nyingine ikabaki hewani kunisubiri. Barabara yetu ina vumbi, na sikutaka vumbi liniharibie kazi, basi nikafunga dirisha la stoo. Puani nikafunga kanga. Mimi, niliyewaambia watoto wa watu kwa miaka yote ile kwamba mvuke hupita kwenye kitambaa kama mbuzi kwenye ua wa mabua.

Jioni nilikohoa, na nikitema, naona rangi ya mlango niliopaka. Leo bluu, kesho kahawia. Usinielewe vibaya nikikuambia kwamba nilijisikia fahari. Nilikuwa mwanamke mzee ninayetema bluu, na milango ya watu ilikuwa inang'aa. Niliendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Ulipokuwa unakuja likizo nilikuwa naifunga stoo na kukuambia kikohozi ni cha baridi ya Julai. Huo nao ni uongo, uweke pamoja na ule wa Jumapili.

Daktari alipoona picha ya kifua aliniuliza, "Mama, ulikuwa unafunga nini usoni?"

"Kanga."

"Na nani alikuambia kanga inatosha?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

Akaniambia niache. Nikamuuliza kama nikiacha mapafu yatarudi. Akasema yaliyokufa hayarudi, ila yaliyobaki yatadumu zaidi. Nilitoka pale nikapanda gari hadi kwa Salimu, nikanunua ile bunduki ya pili, isiyo na sura, nikaendelea na milango.

Hilo ndilo padre alilokuwa analitafuta juzi aliponiletea komunyo. Aliniuliza kama nimetubu yote. Nikamwambia uongo nimeutubu, vumbi la dharau nililomtupia mume wangu nimelitubu, kaniondolea. Milango sijaitubu. Akasema, "Mwalimu, daktari alikukataza." Nikasema, "Baba, daktari alinipa bei. Mimi nikaona naweza kuilipa." Alitabasamu kidogo, akaendelea na sala. Sijui kama hilo aliliondoa au alilipita. Mimi sitaliomba mara ya pili.

Kwa sababu ile bunduki ya pili, Imelda, ndiyo ilinifundisha. Nilifunga nozeli ya moja nukta nane, nikaitia tina kidogo tu, nikashusha upepo mpaka nikadhani haitatoa kitu, na ikatoa. Ikatoa rangi, siyo moshi. Ilitua kwenye ubao kama umande. Niliweza kuuona ukuta wa pili wa stoo nikiwa bado napulizia, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Nilikaa juu ya ndoo nikalia kwa hasira. Kitu hicho kilikuwa mezani kwa Salimu tangu siku ya kwanza, na sikukichukua kwa sababu hakikung'aa.

Sasa nisikilize. Gari lako la Lituhi linaondokea stendi, na Salimu hufungua mapema. Usichukue bunduki yangu. Sindano yake, ile inayoziba na kufungua tundu, imelika, inavuja, na sindano yake peke yake haipatikani tena. Hilo ndilo utakalomuuliza Salimu kabla ya kuuliza bei: kama ana sindano na mipira ya kubadilisha. Akianza hadithi za ndege, rudisha mezani. Bunduki ya bei nafuu si mbaya. Yangu ya pili ilikuwa nafuu na ilinipa milango mizuri kuliko yote. Ila nafuu isiyo na vipuri ni ya kutupa, na ya kutupa ni ghali.

Chukua ya kikombe juu. Rangi inashuka yenyewe, hivyo huhitaji upepo mwingi wa kuivuta, na tone la mwisho linatumika. Hakikisha ina nozeli zaidi ya moja, na kila nozeli ina sindano yake na kofia yake ya mbele. Usikubali akuchanganyie za maboksi mawili. Vanishi ya vitanda vya Eliasi ipitishe kwenye moja nukta nne. Rangi ya mafuta, ya milango na ya ubavu wa juu wa boti, moja nukta nane. Akikupa kazi ya rangi ya maji au ile nzito ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao, nenda mbili nukta tano. Usiende na nozeli moja kwa kila kitu kama mwanamke mmoja ninayemfahamu.

Umeniambia kompresa ya Eliasi ni ndogo. Basi jua kwamba tundu kubwa linakula upepo. Ukifunga nozeli kubwa, pulizia ubao mmoja, simama, acha mtungi ujae, ndipo uendelee. Atakuambia unachelewa. Mwache aseme. Mtu akikuharakisha utaongeza upepo, na upepo ukizidi unarudi kwenye moshi wangu.

Kila asubuhi jaribu kwanza kwenye boksi lililokunjuliwa. Alama ikitoka ndefu na imejaa sawasawa, anza kazi. Ikiwa nene katikati na imekonda pembeni, rangi ni nzito au upepo hautoshi. Ikigawanyika ikajaa pembeni na katikati ikawa tupu, upepo umezidi au umeinywesha rangi tina mpaka imelewa. Rangi ikikataa kupita, usikimbilie chupa ya tina. Badilisha nozeli. Hii ndiyo sentensi moja ninayotaka uibebe, mengine yote utayakuta huko.

Na huko ni ziwani. Upepo wa mwera ukianza kuvuma kutoka kusini utachukua rangi yako uipake nyumba ya jirani. Fanya kazi mapema, na usifanye nilivyofanya mimi, usikimbie upepo kwa kujifungia ndani. Bora mchanga kidogo kwenye vanishi. Mchanga unatoka kwa msasa.

Kabla ya bunduki, nunua barakoa. Namaanisha ile ya mpira yenye vichujio viwili pembeni, ya mvuke, siyo ya kitambaa wala ya karatasi. Kama ulichonacho hakitoshi vyote viwili, nunua barakoa, bunduki ikusubiri, na umpakie Eliasi kwa brashi mpaka upate. Ukianza kusikia harufu ya tina ndani yake, vichujio vimekufa, badilisha. Watakucheka. Watakuita mdudu. Ukienda kijiji cha Kihagara kupaka boti za watu, watoto watakufuata nyuma wakiimba. Waimbe.

Nimemaliza bunduki. Imebaki ile sehemu inayokufanya ufungue begi, na najua siyo rangi. Ni mimi.

Hyasinti nitamwita kesho ukishaondoka, au usipoondoka, vyovyote. Nitamwambia nilimdanganya, apulizie kahawa yake kabla buni hazijaoza, na afunge kitu cha maana usoni kwa sababu mrututu nao si maziwa. Atafoka. Mimi sitakuwa na pumzi ya kumjibu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenye ukoo huu nitamsikiliza mpaka mwisho. Inawezekana atakupigia simu akuamuru urudi, akisema mama yako mwenyewe amekiri. Ni kweli, nimekiri. Mwambie ulikuwa unajua kabla yake, na ulipanda gari ukijua.

Watakuambia pia kwamba mtoto ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Ndivyo tunavyofanya, na sisemi ni vibaya. Lakini nimewaona watoto wa huku walioitwa kutoka mbali, wamekaa miezi wakisubiri mzee wao afe, kazi imepotea, mzee anajua anasubiriwa, anaona aibu kwa kila siku anayoiongeza. Sitaki kuona aibu kwa siku zangu. Nataka niziongeze nikitaka, bila mtu kukaa kwenye kizingiti na begi. Benigna ana mkono mzima, anaweza kutupa udongo. Wewe ukiwa umeshika mlango wa mtu, umalize koti lake la rangi, kwa sababu koti likikatishwa katikati linabaki na mstari maisha yote. Kisha uje ukitaka, au uje mwaka mwingine wakati wa kahawa kuiva. Kaburi halina haraka.

Sikuzaa mtoto mmoja ili awe nesi wangu. Nilizaa mtu. Mtu huyo ana mkono mtulivu kuliko wangu, nimeuona siku ulipopaka kabati la Benigna, na nilikaa kimya kwa wivu. Eliasi amekuona pia, ndiyo maana amekuita wewe na hakumwita mwanamume yeyote wa Mbinga nzima. Usiupunguze mkono huo ili upite kwenye tundu la ukoo.

Siku habari yangu itakapokufikia, pengine utakuwa kazini, na mtu atakuja mbio na simu, akupungie mkono kupitia ukungu wa rangi. Utaona usoni mwake. Usivue barakoa hapo. Achia kidole, funga upepo, weka bunduki chini isimwagike. Toka nje. Tembea kuelekea majini mpaka mahali ambapo hewa haina harufu yoyote ya kazi. Hapo vua, mwanangu, na unililie kwa mapafu yako yote mawili.

Mama yako